Jezi Zilipokwama Ng'ambo ya Feri

Sisi tuliokulia Kilifi miaka ya themanini, kabla daraja halijajengwa, tuliijua ladha ya kuwa na timu yako mwenyewe. Sisemi timu ya kwenye televisheni. Televisheni mjini zilikuwa chache, na mwenye nayo alifunga mlango. Nasema timu ambayo kipa wake ndiye aliyekunyoa nywele jana, na beki wake wa kushoto umemkuta asubuhi kisimani akigombana na dada yake. Timu yetu iliitwa Kasa. Aliyeipa jina hilo hatukumjua, na watu wa Malindi hawakuchoka kutukumbusha kwamba kasa ni mnyama wa kutambaa.

Uwanja ulikuwa mchanga mtupu, magoli ya boriti za mikoko, na mbuzi waliokuwa na haki zao. Upepo ukigeuka ulituletea harufu ya korosho zinazokaangwa kiwandani. Tulikula mabuyu mpaka ndimi zikawa nyekundu kama za wagonjwa, na aliyebahatika kuwa na senti alikwenda pembeni kwa Mama Kadzo, aliyekaanga viazi vya karai na kuvitilia ukwaju wa kutoa machozi. Mama yangu alikuwa na neno lake moja kila niliporudi na magoti yamechubuka: "Huo mpira wakupa nini wewe?" Sikuwa na jibu. Shule niliiacha darasa la sita, nimezunguka miji mingi ya pwani na bara tangu hapo, na kila nifikapo mji mgeni jambo la kwanza nauliza uwanja uko wapi. Bado sina jibu, lakini nadhani mama angenielewa zaidi sasa.

Kulikuwa na desturi moja ambayo sijaikuta mji mwingine wowote. Ijumaa baada ya alasiri kocha aliwagawia jezi waliochaguliwa kucheza Jumapili, uani kwa mwenyekiti, na kila mchezaji alikwenda nayo kwao ikafuliwe. Sabuni haikuwa ya timu, ilikuwa ya mama yako au mke wako. Basi Jumamosi asubuhi jezi za kijani zilikuwa zimeanikwa mji mzima, na sisi watoto tulipita mitaani kusoma timu kwenye kamba za nguo. "Kwa Kahindi ipo!" "Kwa fundi baiskeli hakuna, ameachwa!" Tulipomaliza mzunguko tulikuwa na kikosi chote kichwani, na wazee barazani walitungoja tuwapashe. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Kwa nini fulani? Huyo goti lake bovu, hamwoni anavyopanda ngazi za msikiti? Kocha ana nini na mtoto wa Sidi? Kina mama nao walikuwa na siasa zao. Aliyeikosa jezi ya mwanawe hakuanika nguo siku hiyo, ili watu wasipite wakaihesabu kamba yake.

Kamba ambayo haikukosa jezi ilikuwa ya Mama Kadzo. Mwanawe, Charo, alivaa namba nane. Alikuwa kibarua kiwandani, wa kupakia magunia, kijana mwembamba asiyependa maneno. Mpira ukifika kwake ulitulia, kama mtoto aliyechukuliwa na mwenyewe. Hakuwa na mbio, ila alijua mwenye mbio yuko wapi. Sisi tulimwita Kaka Charo na tuligombania kumshikia ndala zake.

Mwaka ninaousimulia, Kasa walifika fainali ya kombe la pwani yetu, na fainali ilikuwa kwetu, dhidi ya Malindi. Habari nyingine ikaenea nayo: kampuni moja ya Mombasa iliyokuwa na timu kubwa ingemtuma mtu wake kuja kutazama. Zamani zile ukicheza vizuri mbele ya bwana kama huyo, kampuni ilikuajiri. Ulipewa kazi ya kudumu, nyumba ya kampuni, na mpira jioni. Kila mtu alijua anakuja kumtazama Charo. Mama Kadzo alianza kuwauliza wateja wake kama Mombasa kuna viazi vizuri.

Kamati ya timu nayo ikaanza kuogopa. Mwenyekiti wetu, Mzee Athmani, muuza vitambaa, alikuwa mtu mpole ambaye hakupata kumfokea hata mbuzi uwanjani. Lakini yeye na kamati yake walikuwa na ugonjwa ambao timu nyingi za miji midogo zinao. Vijana wa hapa walitosha kwa mechi za kawaida. Ikija mechi kubwa, walitafutwa wachezaji wa Mombasa, tuliowaita mamluki. Nimelifikiria sana jambo hili katika kuzunguka kwangu. Charo walimwona tangu akitumwa mafuta ya taa na kuyamwaga njiani. Walimjua alivyougua surua, walijua alimwogopa mbwa gani. Mtu unayemjua hivyo ni vigumu kuamini kwamba atakushindia kombe. Wa Mombasa hawakuwahi kumwona akimwaga chochote.

Jumamosi ile tulipita mitaani kama kawaida. Kwa Kahindi kamba tupu. Kwa kinyozi, kipa wetu, kamba tupu. Tukakimbia kwa Mama Kadzo. Pale kulikuwa na leso zake mbili na suruali ya kazi ya Charo, basi. Mji mzima haukuwa na jezi hata moja. Tukarudi barazani.

"Haya, semeni," akasema mzee mmoja. "Nani na nani?"

"Hakuna mtu, babu."

"Hakuna mtu vipi? Kasa wanacheza hewa?"

Kabla ya magharibi siri ikatoka. Gunia zima la jezi lilikuwa limepelekwa Mombasa na katibu. Mamluki wangezivaa huko huko, ili watu wa Malindi wakiwaona wanashuka kwenye basi, tayari, wanang'aa, watetemeke. Saba walikuwa wameahidiwa namba, na mmojawapo angevaa nane. Wetu wanne waliobaki wangepewa jezi zao uwanjani. Mama Kadzo aliambiwa na jirani. Aliendelea kumenya viazi, akauliza tu, "Na yule bwana wa kampuni, ameambiwa aje kumtazama nani?"

Jumapili watu walijaa mpaka juu ya mivinje. Malindi walifika mapema, maana wao kutoka kaskazini hawakuhitaji kuvuka maji kwa feri kama watokao Mombasa. Walivaa nyekundu, wakaanza kupasha moto miili, na mashabiki wao walikuwa na ngoma. Saa ya mechi ikakaribia, basi la Mombasa halionekani. Ndipo akaja mtu kwa baiskeli kutoka feri, shati limemganda mgongoni. Feri ilikuwa imeharibika injini. Basi liko ng'ambo, foleni imefika mbali, mamluki wamekaa kivulini wanakula maembe. Na jezi wamezivaa.

Mzee Athmani alisimama katikati ya uwanja kama mtu aliyeitwa jina akasahau ni la nani. Refa akamwambia ukifika wakati bila timu, kombe linakwenda Malindi. Sasa kamati ikaanza kuzunguka umatini kuwatafuta vijana waliowaacha. Hawakuwa mbali. Wote walikuja kutazama, wamenuna, lakini wamekuja. Kinyozi alikuwa juu ya mti pamoja nasi.

"Shuka, baba, tunakuhitaji," akasema mweka hazina.

"Mlininyang'anya jezi, nishuke na nini? Na kanzu?"

Ni watu wa Malindi waliotuokoa, na hilo sitalisahau. Nahodha wao alifungua mfuko akatoa jezi zao za akiba, nyeupe. Kina mama wao wakapiga vigelegele na kutuimba: "Kasa bila gamba! Kasa bila gamba!" Uwanja mzima ukacheka, hata sisi. Charo alikuwa wa mwisho kuvaa. Ilimpwaya mabegani. Aliingia bila kumtazama mtu wa kamati.

Nimeona mpira mwingi baadaye, katika viwanja vyenye nyasi na paa. Nusu ile ya kwanza bado naiweka juu. Vijana wetu walicheza kama watu wasiokuwa na cha kupoteza, maana walishapoteza tangu Ijumaa. Charo alisimama kati, akageuka, akatoa mpira, akaupokea tena, na Malindi wakawa wanakimbia anakotoka yeye. Karibu na mapumziko alipokea pasi ya Kahindi kifuani, akaiacha idunde mara moja kwenye mchanga, akapiga chini, pembeni, kipa akaanguka upande mwingine. Moja bila. Nakumbuka nilishuka mtini bila kujua nakanyaga tawi gani.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, tukasikia honi. Feri ilikuwa imetengenezwa. Basi liliingia hadi ukingoni mwa uwanja, mamluki wakashuka na jezi zetu za kijani, na nyuma yao, akipangusa vumbi kwenye miwani, yule bwana wa kampuni. Walikuwa wamesafiri basi moja.

Wachezaji wetu walikuwa wamekaa chini wanakunywa maji ya madafu. Mamluki wakasimama mbele yao, kwenye jua. Hapakuwa na viti. Refa akasema ataruhusu wabadilishwe watatu, si zaidi. Watu wakapiga kelele: "Asibadilishwe mtu! Mzee, timu inashinda!" Mzee Athmani aliwatazama wale vijana wa Mombasa, akatazama wetu, na nikaona uso wake ukibadilika kama wa mtu aliyekuta wageni wamesimama mlangoni kwake bila kukaribishwa. Akamwendea Charo.

"Umefanya kazi kubwa, mwanangu. Sasa pumzika."

"Sijachoka, mzee."

"Najua. Lakini hawa wametoka mbali. Wamekaa feri tangu asubuhi. Tutawaacha wasimame tu?"

Hapo ndipo Mama Kadzo aliacha karai lake likiwa motoni akaingia uwanjani, mikono ina unga.

"Athmani! Mgeni apewe chai! Mgeni apewe kiti! Namba ya mwanangu si chai!"

"Mama Kadzo, taratibu, watu wanatazama."

"Wacha watazame! Si ndio mliowaita?"

Mimi nilikuwa nikimtazama Charo. Alikuwa na neno moja la kusema, na lingetosha. Angesema sitoki, na mji wote ungekuwa nyuma yake. Alisimama, akavua ile jezi nyeupe, akaikunja vizuri, akampa mamluki mmoja jezi hiyo na mahali pake chini ya kivuli ili afunge viatu. Akatoka yeye, akatoka kinyozi, akatoka Kahindi.

Kipindi cha pili sina haja ya kukieleza sana. Wale vijana hawakuwa wabaya. Walikuwa wageni tu, wamechoka kwa jua na maembe. Hawakumjua mtu jina. Walikuwa wakiitana na wetu "wewe!" na "wee kijana!", na mpira ukipigwa huku mtu yuko kule. Malindi walirudisha bao, wakaongeza jingine. Walikwenda na kombe na ngoma zao.

Watu wetu walimzunguka bwana wa kampuni wakimwonyesha Charo. Kila mmoja alimsimulia lile bao, na kila mmoja kivyake. Bwana yule alisikiliza kwa adabu, akamwangalia Charo aliyesimama na shati lake la kazi, akasema, "Sikumwona. Kazini wakiniuliza nimeona nini, nitawaambia nini? Nitarudi." Hakurudi.

Jioni wanaume walikwenda kwa Mzee Athmani kumshtaki. Aliwakaribisha, akawapa kahawa na tende, akawasikiliza mmoja mmoja mpaka hasira zikakosa pa kukaa. Aliendelea kuwa mwenyekiti. Charo aliendelea kupakia magunia mpaka kiwanda kilipofungwa, kisha akahamia kwa wajomba zake Kaloleni.

Ninapoona vijana wa leo nacheka kidogo. Wanalala na jezi za Uingereza, wanajua goti la mchezaji wa Brazili linauma upande gani, wanamtukana kocha asiyejua kama kuna mji unaoitwa Kilifi. Ukiwauliza kipa wa mtaa wao ni nani, wanakutazama kama umewauliza jina la nyota. Sisi, yule tuliyemlaumu tulikunywa kahawa yake. Lakini vijana hawa wana kitu ambacho sisi hatukuwa nacho, na nilikiona Kaloleni.

Nilimpitia Charo mwaka juzi. Mvi zimejaa, anagema tembo la mnazi, na bado hapendi maneno. Binti yake wa mwisho, Dama, anacheza mpira sekondari, namba nane vilevile. Nilimsimulia Dama nusu ile yote na namna baba yake alivyotolewa, nikadhani litakalomgusa ni bao.

"Sasa baba, wakakwambia utoke, ukatoka tu?" akauliza.

Charo akafikiri kweli, kana kwamba anaulizwa mara ya kwanza. "Walikuwa wamesimama juani, mwanangu. Ungefanya nini?"

"Ningekaa."

Alilisema bila hasira, akarudi kufunga kamba za viatu vyake. Nilimtazama nikaamini kwamba angekaa, na jua liwachome wageni wote. Charo alinitazama mimi akatabasamu kwa haya, kama aliyekutwa na kosa asilolijua. Katika mji wetu wa siku zile hakuna mtu ambaye angekaa. Ndiyo sababu bado naukumbuka kwa mapenzi, na ndiyo sababu Charo hakupata kuvuka feri ile kwenda kazini Mombasa.