Haragwe la Kumi

Mwanangu, kesho kutwa chuo chenu kinakupeleka kufundisha watoto wa nasari kwa mara ya kwanza, na nimeona umepiga pasi nguo zako zote, hata leso. Hebu keti kidogo. Iko siku moja ambayo sijaisahau hadi leo, na siku hiyo nami nilikuwa nimepiga pasi hivyo hivyo.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo imeanza. Nilikuwa msichana wa Kisii wa miaka ishirini, nina sanduku la mbao, na kiburi ambacho sanduku hilo lisingekitosha. Mazoezi yangu ya kufundisha yaliangukia nasari ya shamba moja la chai upande wa Boito. Ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na ndani yake watoto thelathini na wanane ambao mama zao walikuwa wakichuma majani ya chai tangu alfajiri. Aliyewatunza ni mama mmoja Mkipsigis aliyeitwa Tabutany. Hakuwa amepita chuo chochote. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa heshima, nikamshukuru kwa kazi yake yote, kisha nikamwambia kwamba kuanzia hapo yeye atashughulika na uji. Nikikumbuka naona aibu. Yeye alicheka tu, akachukua mwiko wake.

Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kushika vitu. Basi kwa somo langu la hesabu nikaleta maharagwe mekundu kutoka nyumbani, nikayaosha, nikayaanika, nikayagawa kumi kumi. Mama Tabutany akayatazama.

"Mwalimu, hii maharagwe si ndogo sana? Mimi huwa nawapa magunzi ya mahindi."

"Mama, magunzi si ya kisasa," nikamjibu.

Siku hiyo ndiyo mkufunzi wetu, Mwalimu Odera, alipokuja kunikagua. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye miwani na daftari jeusi, na alikuwa na tabia ya kuanza kuandika kabla hujafungua mdomo. Tulimpa kiti cha watoto kwa kuwa hakukuwa na kingine. Alipoketi, magoti yake yalikaribia masikio.

Nikawaambia watoto wahesabu. Nikamwendea kasichana kamoja ka miaka mitano, Cherono, aliyekaa mbele kabisa.

"Una maharagwe mangapi?"

"Tisa."

"Hesabu tena, polepole."

"Tisa, Mwalimu."

Nikacheka kidogo ili mkufunzi aone nina subira. Nikamshika kidole tukahesabu pamoja. Tisa. Nikainama kutafuta chini ya meza. Nikamshuku jirani yake, Kiprotich, naye maskini akanionyesha viganja vyote viwili.

"Mwalimu, ingine iko ndani," Cherono akasema.

"Ndani ya nini? Sisi tunahesabu yaliyo mezani."

"Mwalimu, inauma."

"Cherono, ukitaka kusema, kwanza unanyoosha mkono."

Akanyoosha mkono. Nikatazama saa. Andalio langu la somo lilisema ni dakika ya kuimba. Nikamwambia, "Vizuri sana, shusha mkono. Sasa tuimbe."

Wakaimba moja hadi kumi. Cherono naye aliimba, lakini sauti ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa na blanketi. Kisha akaanza kulia, na nilipomtazama vizuri nikaona tundu moja la pua limevimba, na damu kidogo inachuruzika. Mwanangu, kila nilichosomea kilinitoka. Nikachukua chaki, sijui nilitaka kumwandikia nini. Kisha nikaingiza kidole, nikalisukuma haragwe ndani zaidi. Mtoto akapiga kelele. Mwalimu Odera akaruka kuja kunisaidia, na kile kiti kidogo kikasimama naye, kimemng'ang'ania nyuma.

Mama Tabutany aliingia, akaweka mwiko wenye uji juu ya andalio langu, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Iko upande gani?"

Cherono akaonyesha. Mama akaziba tundu lile lingine kwa kidole, akamwambia afunge mdomo, apulize kama ng'ombe aliyekasirika. Mara ya kwanza hapakutoka kitu. Mara ya pili haragwe lilichomoka, likatua katikati ya daftari jeusi la mkufunzi.

Cherono akalichungulia, machozi bado yako mashavuni. "Kumi," akasema.

Darasa zima likapiga makofi. Mwalimu Odera alicheka hadi akavua miwani, lakini alipomaliza kucheka akanifelisha. Alisema somo nililiandaa vizuri, ila watoto sikuwaona. Akanipa wiki tatu nikae chini ya Mama Tabutany, kisha atarudi. Nikishindwa tena, nirudi nyumbani bila cheti. Na baba yangu alikuwa amekwisha kulitangazia kanisa zima kwamba binti yake ni mwalimu!

Nilikwenda nyuma ya jiko kulia. Mama Tabutany akanifuata na kikombe cha uji.

"Unalia nini? Mtoto si amepona?"

"Nimeanguka, Mama."

"Kunywa kwanza." Akaningoja nimeze. "Huyo mtoto alikuambia, na akakuambia tena. Mimi nilimsikia nikiwa huku nje, na sufuria inachemka. Wewe ulikuwa umesimama mbele yake."

Nikaumaliza uji, nikamrudishia kikombe.

Zile wiki tatu nilikoroga uji na kutazama. Mtoto akisema naye, Mama aliacha alichoshika na kuchuchumaa. Nilimwiga hadi magoti yakaniuma. Mkufunzi aliporudi, mvua ilianza kupiga mabati katikati ya somo, mtoto mmoja akasema anataka kuhesabu matone, nami nikaliweka andalio kando tukahesabu matone. Nikapita.

Basi, mwanangu, andaa somo lako, wala usilidharau. Lakini mtoto akikuambia jambo usilolielewa, simamisha kila kitu umsikilize, hata kama mkaguzi ameketi hapo na kalamu. Na yule utakayemkuta akiwatunza watoto, hata kama hana cheti, muulize kabla hujamfundisha. Nenda salama. Mungu afike darasani kabla yako, awalinde wote utakaokabidhiwa, na uzeeni mwako watu wazima wavuke barabara waje kukusalimia, wakikuita Mwalimu.