Siku Nilinyamazisha Redio ya Kabambare

Municheke tu, haki yenu, ata mimi nikikumbuka ile siku nafunika uso, lakini musicheke mpaka mwisho.

Kwenye redio yetu ya hapa Kasongo, mimi njo natunza maordinatere, zile kompyuta (masomo yake sikusoma, nilijifunza pekee yangu na telefone ya kioo cha kupasuka), na iko moja kule Kabambare yenye inapokea sauti yetu kwa enternet na kuitupa mu antene, naiamuru kutoka hapa kwa kuandika maneno tu. Rafiki yangu Ramazani njo aliiweka kule. Ile asubui baba yake akafariki, na dada yake Asha anauzaka chakula kwenye machimbo ya zaabu ya kule Kabambare, fasi telefone haifike, redio tu. Wazee wakakubali kungoja mazishi mpaka kesho yake: komunike, tangazo la kilio, isomwe saa sita, Asha asikie, apande moto, ile pikipiki, aje.

Saa sita ikakaribia, sauti kule inakwamakwama kidogo, na Shabani, musomaji wetu, akasema mbele ya watu wenye walijaa na makomunike yao: "Mashine ya Ramazani iyo! Na ule naye ni fundi?"

Weee! Kutukana rafiki yangu siku ya kilio chake?

"Soma komunike yako," nikamwambia, "utaona!"

Pale anaanza kusoma, mimi na hasira nikaandika: zima servisi zote, kazi zote za ile mashine, kiisha uziwashe, sauti inyooke. Zote! Na ile yenye inasikilizaka amri zangu ikazima pamoja na zingine, sasa neno la kuwasha nani atalisikia? Nimejifungia inje, funguo iko ndani. Simu zikaanza kulia: "Kabambare kimya!" Nafinya, nafinya, jasho tu, na Shabani: "Fundi, tumeona."

Mulinzi wa kule, mwenye funguo ya nyumba, alikuwa shambani; moto tuliyotuma kumutafuta ikalala mu matope. Alirudi kesho yake, akafinya buto moja tu ya kuwashia mashine. Sisi tulikuwa tumeshatoka makaburini.

Komunike ikasomwa tena, Asha akafika na matope mpaka magotini. Ramazani hakunigombeza (afazali angenipiga). Asha njo alisema:

"Nilisikia 'familia ya marehemu', kiisha kimya. Nikaambia wateja, masikini, pole yao. Nikaendelea kukoroga bugali."

Toka pale, hasira ikinipanda, natoka kwanza inje, mikono mu mifuko. Kuzima zote mara moja sitaandika tena, ata wamutukane mama yangu.