Mzee Mizizi na Vidonge vya Unga

Kwa miaka thelathini Mzee Mizizi aliuza dawa yake ya magoti. Hospitali ilipoamua kuipima, nusu ya wagonjwa walipewa vidonge vya dawa hiyo na nusu vya unga mtupu, bila mtu kujua kapewa vidonge vipi. Mzee, ambaye naye magoti yalimuuma, kwa kuhofia dawa yake itaaibika, akajiandikisha kama mgonjwa ili naye aseme imemponya.

Baada ya miezi mitatu alipanda ngazi mbiombio, magoti yamepona kweli.

"Mmeiona dawa yangu?" akatamba.

Muuguzi akafungua bahasha ya siri. "Pole babu, wewe ulikuwa wa unga."

Mkewe, aliyemsindikiza, alicheka mpaka akashika ukuta.

Mzee akajipapasa magoti, akamsogelea muuguzi na kumnong'oneza, "Mwanangu, unga huo mlinunua duka gani?"