Salamu za Dahabo zinazozidi dakika nne

Simu inaita kabla Dahabo Galgalo hajakaa vizuri. Anavuta kiti, anavaa hedifoni juu ya ushungi wake na kubonyeza kitufe. Kwenye kona ya kompyuta, saa ndogo ya kijani inaanza kuhesabu.

"Assalamu alaykum," anasema, kisha anaingia katika Kiorma, lugha ya kwao. Habari za nyumbani? Wazee? Watoto? Ng'ombe wamekunywa? Majani yapo huko? Aliyepiga simu anajibu moja moja, halafu naye anauliza yote hayo tangu mwanzo. Saa inageuka manjano, kisha nyekundu. Bado hajasema kwa nini amepiga.

Dahabo anafumba macho kidogo. Hamkatizi.

Chumba hiki kiko juu ya duka la vitambaa mjini Garsen, na joto la mabati linashuka hadi mabegani. Mfanyakazi mwenzake wa pekee, Komora, ananyoosha mkono na kugeuza feni imwelekee Dahabo. Hakuna aliyemwomba. Anaendelea na simu yake kana kwamba hakufanya lolote.

Dahabo, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ameajiriwa na kampuni ya programu za kompyuta yenye makao yake Nairobi. Ameomba jina la kampuni lisitajwe. Programu yao hupokea taarifa za wafugaji na wakulima wa Tana River: mnyama anaumwa, mfereji umekatika, mto unapanda. Yeye husikiliza na kuandika, na programu humpelekea habari daktari wa mifugo au afisa aliye karibu. Simu za Kiorma ni zake. Za Kipokomo ni za Komora, mzaliwa wa Ngao.

"Watu wakisikia kampuni ya programu wanafikiri ni viti vya kuzunguka na kahawa," anasema. "Hapa kazi ni masikio. Jioni mtoto wangu akiniita, namwambia nyamaza kwanza, mama anapumzisha masikio. Halafu namwona uso, najuta."

Hana nafasi ya kuacha. Ukame uliwamaliza karibu ng'ombe wote wa mumewe, Abdikarim, ambaye sasa hubeba abiria kwa pikipiki huko Bura na kurudi nyumbani mara chache. Mshahara wa Dahabo, shilingi elfu ishirini na nane kwa mwezi, ndio unaolisha nyumba na kusomesha watoto wawili.

Lakini kampuni hupima kazi kwa saa ile ndogo. Kila simu inatakiwa iishe ndani ya dakika nne. Za Dahabo hufika tisa, pengine kumi. Mapema mwaka huu alionywa kwamba asipobadilika, mkataba wake hautaongezwa.

Komora humtania kwa hilo, kama Wapokomo na Waorma wanavyotaniana siku zote.

"Nyinyi watu wa ng'ombe, mpaka mmalize kusalimia, mgonjwa amepona mwenyewe."

"Na nyinyi wa mahindi mna haraka gani?" Dahabo humjibu. "Mahindi hayana habari za kuulizwa."

Baada ya onyo lile, utani ulipungua. Dahabo aliamua kufanya alivyotakiwa. Simu ikiingia, alisema salamu moja tu, kisha: "Niambie shida yako." Saa ikawa kijani kutwa nzima. Nairobi wakamtumia pongezi.

"Niliona aibu kila nilipofungua mdomo," anasema. "Mtu mzima anakuuliza umeamkaje, wewe unamuuliza shida. Lakini nilikuwa nawaza karo."

Mmoja wa waliompigia siku hizo ni Mama Sadia, mama wa makamo anayeishi na mumewe, Mzee Issack, katika boma lililo mbali na barabara. Naye Mama Sadia aliambiwa aseme shida yake. Akasema, "Basi, mwanangu, si kitu," na simu ikakatika.

Siku chache baadaye Dahabo alisikia viatu kwenye ngazi. Mlangoni alisimama Mama Sadia, mumewe nyuma yake, na majirani wawili. Mama Sadia alikumbatia chombo cha maziwa kilichofumwa kwa mkono. Swaleha, mwenye duka la chini, alikuwa ameshawafuata na mkeka, maana alijua chumba hakina viti.

Wote waliketi mkekani. Mzee Issack akaomba dua. Ndipo Mama Sadia akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nani ametutoka?"

Dahabo hakuelewa.

"Kwetu, mtu akiacha kuulizia watu na mifugo, ni kwamba nyumba yake ina msiba," anaeleza sasa. "Na mimi nimezaliwa huko, najua hivyo. Lakini sikufikiri wangeshuka mpaka Garsen kunipa pole."

Alilazimika kuwaambia kwamba hakuna aliyekufa. Aliwaonyesha saa iliyo kwenye kompyuta na kueleza kwamba kampuni hupima muda anaozungumza.

Mzee Issack aliiinamia, akaitazama kwa muda. "Na hao wenye kampuni, mama zao hawawapigii simu?"

Komora aliangua kicheko. Wageni wakacheka, na Dahabo akacheka nao huku machozi yakimtoka. Kisha akauliza siku ile Mama Sadia alipiga kwa nini.

"Ni ndama wawili tu, walikuwa wanaharisha," Mama Sadia alijibu. "Nikasema, siwezi kumtwika mtu wa msiba habari za ndama."

Ndama wale wawili walikuwa wamekufa.

Dahabo aliomba msamaha, na Mama Sadia akamfuta uso kwa ncha ya leso yake. Walipoondoka alijaribu kuwarudishia maziwa. Mzee Issack alikataa. "Maziwa ya pole hayarudi. Kunywa. Umekonda."

Tangu siku hiyo Dahabo anasalimia kama zamani, na saa yake imerudi kuwa nyekundu. Msimamizi wake wa Nairobi, Jasper, alipiga simu kutaka kujua sababu. Dahabo alimsimulia yote, hadi habari ya ndama.

"Alinisikiliza mpaka mwisho," anasema. "Halafu akaniambia, 'Dahabo, mimi mama yangu akipiga namwambia niko mkutanoni.' Hakunigombeza. Alinitetea kwa wakubwa, najua, ingawa hakuniambia."

Jibu la wakubwa lilikuja mwezi uliopita. Kuanzia mwaka ujao, simu zitapokelewa na mashine inayoongea. Dahabo aliombwa airekodie sauti yake kwa Kiorma.

Sentensi ya kwanza aliyopewa asome ilikuwa: "Eleza shida yako."

"Nikamwambia Jasper, mkianza hivyo watakuja kuipa pole hata mashine," anasema. Jasper alicheka, akamwambia aweke salamu zote, ndefu apendavyo. Dahabo akauliza kuhusu saa. Jasper akajibu kwamba mashine haipimwi kwa dakika.

Anapofika hapo anavua hedifoni na kuiweka mezani. Alama zake zimebaki kwenye ushungi.

"Miaka miwili nimekimbizwa na ile saa. Mashine haijafika, imeshasamehewa dakika."

Hata hivyo alikubali kurekodi. Amesoma salamu zote kwa utaratibu, akiacha kimya baada ya kila swali ili mpigaji apate kujibu. Ni sentensi moja tu aliyoikataa. Mpigaji akisharudisha salamu na kuuliza, "Na wewe, watoto wako?", mashine ilipangiwa kujibu, "Wazima, alhamdulillahi."

"Mashine haina watoto," Dahabo anasema. "Mama Sadia atamwombea dua mtoto ambaye hayupo. Mimi siwezi kumfanyia hivyo kwa sauti yangu."

Amependekeza kwamba swali hilo likiulizwa, simu ihamie kwa mtu aliyeketi Garsen. Jasper amemwambia waziwazi kwamba huo ni mshahara ambao wakubwa walitaka kuupunguza. Ameahidi kulipeleka pendekezo, na jibu linatarajiwa mwisho wa mwezi. Likiwa hapana, Dahabo atakuwa hana kazi, na sentensi ile itasomwa na mtu mwingine.

Komora anamwambia asome tu, afikirie watoto wake. Amemwambia kwa upole, na Dahabo hakumkasirikia.

"Nawafikiria," anasema. "Sina ugomvi na mashine. Iandike, ihesabu, ifanye yote yanayonichosha. Lakini mtu akiulizia watoto wangu, nataka niwepo nimjibu."