Makofi kwa Zuhura

Ndugu zangu, leo binti yangu Zuhura amesoma kwa sauti darasani kwa mara ya kwanza, na kwa sababu hiyo tumerudishwa nyumbani.

Zuhura ana usonji. Mwalimu mkuu aliridhia kumpima leo mbele yangu, kabla ya kuamua iwapo ataendelea katika shule hii ya kawaida hapa Kariakoo.

Alisoma ukurasa mzima!

"Mpeni makofi ya kilo!" akasema mwalimu wa darasa kwa furaha.

Darasa zima likapiga. Zuhura akaziba masikio, akaingia chini ya dawati, akapiga mayowe.

"Baba Zuhura, umejionea mwenyewe," akasema mwalimu mkuu.

Nikamtoa chini ya dawati, ndugu zangu, tukaondoka. Mimi, nijuaye fika jinsi kelele zinavyomtesa, ndiye niliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote.