Salamu ya Fundi Viatu

Fundi viatu wa sokoni Lushoto huja dukani kwangu kila Alhamisi baada ya alasiri, kwenye kompyuta zangu mbili za kukodisha. Kwanza huisugua gundi imtoke vidoleni, kisha huchagua kiti kinachotazama ukuta. Kwenye skrini huingia kikao cha Wazungu walioacha pombe, wanaoongea kwa zamu, kwa Kiingereza, kila mmoja akiitwa jina lake tupu, hata yule bibi mwenye mvi anayewaongoza. Kiingereza chenyewe anakisikia kidogo. Nyumbani na msikitini hajathubutu kulitaja jambo hili, kwa Kishambaa wala kwa Kiswahili. Zamu yake ikifika huiweka kofia sawa, huinama kidogo na kusema, "Shikamoo, mama." Bibi hutabasamu, husubiri. Fundi naye husubiri kuitikiwa, maana mtu ataanzaje kumweleza mkubwa aibu yake kabla salamu haijapokelewa? Basi zamu hupita, naye huondoka.

Wiki tatu nimeyaona hayo nikijifanya napanga karatasi. Alhamisi iliyopita alipoamkia, nikaitikia mimi nyuma yake, maana nimemzidi umri: "Marahaba, mdogo wangu." Hakugeuka. Alishusha pumzi, akaisogelea skrini.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, "mimi pombe imenishinda."