Mwisho wa Hadithi Ulifungiwa Karanga

Shangazi yangu alikuwa mzee wa kanisa, na hakuweza kuvumilia mwanamke mwenye gauni la kulalia aonekane mbele ya wateja. Ndiyo sababu mpaka nafikisha miaka ishirini nilikuwa sijajua hadithi za mapenzi huwa zinaishaje.

Duka lake lilikuwa mtaa wa Levolosi: chumba kimoja cha mbele chenye kaunta na wavu wa chuma, na vyumba viwili vya nyuma tulikolala. Aliuza sabuni, chumvi, majani ya chai, mafuta ya taa kwa kibaba, lakini kilichompa jina ni karanga. Mimi nilizikaanga uani, yeye alisokota karatasi ili kuzifungia. Zamani karatasi yenyewe ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, maduka yakajaa sabuni za kunukia na redio za kila rangi, na karatasi nayo ikatufikia kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Mjini kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi ambaye tangu kabla sijazaliwa alikuwa akikodisha vitabu vya hadithi vya Kiingereza. Watu walipoanza kununua deki, akaona mbali, akageuza duka lake kuwa la kukodisha kanda za video, na vitabu akaviuza kwa kilo. Shangazi alichukua magunia mawili.

Majalada ya vitabu vile yalifanana kama watoto wa tumbo moja. Mwanamke anakimbia, nywele zinapepea, amevaa gauni jepesi la kulalia, na nyuma yake kuna jumba kubwa lenye giza ambalo dirisha lake moja tu linawaka taa. Shangazi aliyatazama akasonya. Akagongomea msumari kando ya mizani, akatundika kitabu cha kwanza picha ikitazama ukuta, akang'oa jalada la nyuma, akaanza kuchana. Kwa hiyo alichana kuanzia mwisho. Kila kitabu kipya kilianza kazi alfajiri, wakati mimi niko uani na moshi, na nilipoingia na sufuria ya kwanza ya karanga, kurasa thelathini au arobaini za mwisho zilikuwa zimeshasokotwa. Wapagazi na mafundi baiskeli wa Levolosi walitembea na mwisho wa hadithi mikononi, wakatafuna, wakautupa mtaroni.

Mimi nilipata kilichobaki. Shangazi alikuwa akijilaza kidogo mchana, na saa hiyo nilikaa juu ya gunia la chumvi nikasoma kitabu kikiwa palepale msumarini, shingo imepinda. Nilianza kuwachukia wala karanga. Mtu akija nilimpigia hesabu: huyu atanigharimu ukurasa. Siku moja nilivumilia nikashindwa, nikamkimbilia mwenye mkokoteni mpaka ukingoni mwa mtaro nikamwomba anirudishie karatasi. Alinitazama akaniuliza kama niko sawa. Nilipoikunjua, imejaa chumvi na mafuta, nikakuta ni tangazo la vitabu vingine.

Ukingoni mwa mtaro, nimesema, kwa sababu ndipo mpaka wangu ulipoishia. Niliteremshwa kutoka Machame baada ya kumaliza kidato cha nne. Baba alikuwa amefariki, mama alibaki na wadogo zangu, na shangazi, dada yake baba, alitaka mtu wa kumsaidia kwa muda. Muda huo ulikuwa umeingia mwaka wa pili. Jumapili nilikwenda kanisani naye na kurudi naye. Siku nyingine zote nilikuwa nyuma ya wavu tangu kunakucha hadi magharibi, nikitazama miguu ya watu. Nilichokisubiri ni kitu kimoja tu, barua ya chuo cha ualimu. Niliomba, nikaambiwa majibu yatakuja kwa posta, nami anwani niliyoandika ilikuwa sanduku la posta la baba mdogo, kwa sababu ndilo pekee kwenye ukoo wetu hapa mjini.

Watu huniuliza, mwalimu mzima, ulipendea nini vitabu vya namna ile? Nilivipendea kufungiwa. Msichana anafika peke yake mahali asipomjua mtu: kisiwa chenye majabali, au ngome katikati ya mizabibu, au mji wa jangwani wenye vichochoro. Mandhari yanaelezwa mpaka unasikia joto lake puani. Halafu mlango unafungwa, daraja linabomoka, meli haiji mpaka wiki ijayo, na mahali palepale palipokuwa pazuri panakuwa gereza. Mimi gereza nilikuwa nalo, lakini langu lilikuwa halina majabali wala bahari. Kusoma habari za mtu aliyefungiwa mahali pazuri kulinipa heshima fulani. Nilijiona kwamba na mimi nimo ndani ya hadithi, ila sijafika sehemu yake.

Kimoja kilinikosesha raha. Kilikuwa cha yaya wa Kiingereza anayekuja kwenye shamba la kahawa chini ya mlima wa buluu uliobomoka ubavu mmoja. Nilisoma kurasa mbili, nikainua kichwa, nikautazama Meru kati ya mapaa ya mabati. Ni huuhuu! Mlima tuliokuwa tukiutazama ili kujua kama nguo zitakauka, mwenzetu aliuona unanong'ona. Ngoma zililia usiku kucha, sijui zilipigwa na nani, maana Wameru ninaowafahamu hulala mapema na kuamkia ng'ombe. Kulikuwa na mpishi asiye na jina, ambaye kazi yake ilikuwa kuleta chai na kusema kuna hatari. Yule dada alikaa barazani akasema hakuna mtu wa kuzungumza naye maili na maili. Nilicheka, halafu nikakasirika kwelikweli, maana hao maili na maili ndio sisi. Hata hivyo nilisoma mpaka penye mchano. Nilitaka aokoke.

Katika kila kitabu kulikuwa na wanaume wawili. Mmoja ni mcheshi, anacheka, analeta zawadi, anamwita yule msichana majina mazuri. Mwingine amenuna. Ana funguo, ana chumba asichotaka kifunguliwe, na akizungumza ni kumwambia tu: ondoka, hapa si pako. Ajali zinaanza kutokea, na kila ajali yule aliyenuna yuko karibu. Hapo ndipo karanga zilipoanzia. Sikuhitaji kusoma zaidi. Nilijua mbaya ni nani.

Na ndani ya nyumba yetu nilimjua vilevile. Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa ameingia kwenye biashara ya mitumba ilipofunguliwa, ana kiofisi mjini, na kila alipopita aliniletea kitu, blauzi, mkanda, mara moja viatu vyenye kisigino. "Mrembo wangu anasemaje?" aliuliza. Alituletea pia fungu la karatasi chakavu za ofisini za kufungia. Nilipomuuliza habari za barua alisikitika kuliko mimi. "Sanduku tupu, mama. Lakini usijali. Nimepata kiwanja Kwa Mrombo, nafungua duka la nguo, na atakayelisimamia ni wewe. Ualimu wa nini?"

Shangazi yeye hakuwa na maneno mazuri. Alikuwa na ufunguo aliofunga kwenye pindo la kanga, na chini ya kitanda chake kulikuwa na tranka la bati ambalo alilifunga haraka kila nilipoingia. Nikiunguza karanga alisema, "Wewe kazi hii huiwezi. Hukuzaliwa kuuza karanga wewe." Aliyasema hayo karibu kila siku. Jioni, kama nimechelewa kwa kufunga duka, nilikuta chakula changu mezani kimefunikwa kwa sahani ya bati, yeye amekwishaingia chumbani. Nilikula nikitazama mlango wake.

Wenzangu niliosoma nao walianza kuondoka. Mmoja alipita dukani na godoro kichwani, amepata chuo kilekile nilichoomba, akaniuliza kwa nini mimi bado nimekaa. Mchana wa siku hiyo sikusoma. Shangazi alipoamka na kuja kaunta, nilimwambia, bila shikamoo, bila chochote: "Shangazi, barua yangu umeificha kwenye tranka."

Alikuwa anasokota karatasi. Aliisokota mpaka mwisho, akatia karanga, akakunja mdomo wa kifuko, akakiweka pamoja na vingine. "Nani kakwambia?"

"Naona mwenyewe."

"Haya," alisema. Tuliishi wiki nzima tukiagizana chumvi na kiberiti tu. Nilijua nimevuka adabu, na kwa kuwa nilikuwa na uhakika sikujuta. Chakula kiliendelea kufunikwa.

Wiki ya pili, asubuhi, niliingia na sufuria nikakuta hakuna vifuko. Kitabu cha mwisho cha yale magunia kilikuwa kimekwisha siku iliyotangulia, na shangazi alikuwa amefungua fungu la karatasi za baba mdogo. Alikuwa amesimama, miwani puani, ameshika karatasi moja kwa mikono miwili kama anavyoshika kitabu cha nyimbo. Kiingereza hakukijua, lakini barua ile ilikuwa ya Kiswahili, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa langu. Ilikunjwa katikati ya nakala za stakabadhi, haina bahasha, ina pini iliyoshika orodha ya vitu vya kwenda navyo. Tarehe ya kuripoti ilikuwa imepita siku tisa.

Nilisoma mara mbili. Nikakaa juu ya gunia. Baba mdogo, mcheshi wangu, alikuwa ameisoma, ameipachika kwenye fungu, na kumkabidhi dada yake aifungie karanga. Alijua mimi niko uani na moshi na dada yake hasomi anachochana. Kama jina langu lisingeonekana, ningekwenda Kwa Mrombo nikiwa nimevaa viatu alivyoniletea.

"Inuka," shangazi alisema. "Karai lishushe motoni."

Alifunga duka. Sikuwahi kumwona akifunga duka siku ya kazi, hata alipougua malaria alikaa kaunta amejifunika blanketi. Alikwenda chumbani akaburuta tranka mpaka katikati ya nyumba, akafungua pindo la kanga, akafungua kufuli. Ndani kulikuwa na mashuka mawili ya buluu, blanketi, sahani na kikombe, taulo, vitambaa viwili vya sketi, mpini wa jembe uliokatwa ili uenee. Nusu ya ile orodha ilikuwa imo tayari, na orodha yenyewe ndiyo kwanza tunaiona.

"Hivi ni vya chuo," nilisema, kama mpumbavu.

"Sasa ulifikiri ni vya nini? Vaa gauni la kanisani."

Tulipitia ofisini kwa baba mdogo tukielekea stendi. Alicheka alipotuona na tranka, akacheka tena alipooneshwa barua, akasema labda imechanganyika, kazi ni nyingi. Shangazi hakupandisha sauti. "Umeisoma, ukaniletea mimi nifungie," alimwambia. "Mimi, dada yako." Tukaondoka. Chuoni alikaa nje ya ofisi ya mkuu wa chuo kuanzia saa sita, kanga imefungwa kifuani, na kila karani aliyemwambia nafasi zimejaa alimjibu kwa upole kwamba atangoja. Saa kumi na moja nilipewa kitanda. Aliniachia mfuko wa karanga. Hakunikumbatia, kwetu shangazi hakumbatii mtu. Alinipa mkono, akaniambia nisiunguze na huko.

Kwenye maktaba ya chuo kulikuwa na rafu moja ya vitabu vya msaada kutoka nje, na humo nikakuta mmoja wa ndugu zangu wa msumarini, mzima, jalada mbele na jalada nyuma. Kisiwa, majabali, mcheshi, aliyenuna. Nilisoma kwa siku mbili. Nilipofika mahali ambapo kwa kawaida pangekuwa na mchano niliendelea, na moyo ulianza kunienda mbio si kwa ajili ya msichana yule. Mcheshi ndiye aliyekuwa akimwinda. Aliyenuna alikuwa akimfuata nyuma kila anapotoka, na kumwachia taa inawaka ngazini, na alimwambia ondoka kwa sababu alitaka apone. Nikachukua kingine. Vilevile. Vyote viliisha vilevile! Kitu ambacho msomaji yeyote wa Ulaya alikijua, mimi nilikikosa kwa sababu ya gauni la kulalia, nikamwita mwizi mtu aliyenikatia mpini wa jembe.

Likizo ilipofika niliomba kitabu kile nikarudi nacho. Alasiri, nimekaa kwenye gunia langu, yeye akisokota karatasi za magazeti, nilimwomba nimsimulie. Nilimtafsiria kurasa za mwisho polepole, nikiruka palipokuwa na mabusu. Nilikuwa nimepanga kwamba nikimaliza nitasema neno langu. Nilipofika kwenye taa ya ngazini nilisimama, nikajifanya natafuta mstari.

Shangazi hakuacha kusokota.

"Mjinga huyo binti," alisema. "Miezi yote hiyo alidhani taa inajiwasha yenyewe?"

"Nisamehe, shangazi."

Alinitazama juu ya miwani. Kisha akanisogezea rundo la magazeti, nami nikaanza kusokota.